Mabenchi kumi na mawili ya mninga, Nachingwea: mazuri, mazito, na yamechelewa miezi minne

Kwa mwenye haraka: mabenchi ni imara, mgongo unapumzika, na bei ni ya haki kwa mbao za mninga. Fundi hajui tarehe. Kama una harusi kanisani mwezi ujao, usimwendee. Kama unaweza kusubiri, usihangaike kwenda kwingine. Nampa nyota nne kati ya tano.

Sasa kwa mwenye nafasi.

Mimi ni mchungaji wa Kilutheri, huu ni mwaka wangu wa saba hapa Nachingwea, na nimetokea Njombe. Huku Walutheri hatufiki wengi. Waanglikana wana Masasi yao tangu 1876, Wakatoliki wana Ndanda na Nyangao, Waislamu ndio wenye mji, na sisi tuna jengo la tofali za kuchoma, watu kama sitini Jumapili ya kawaida, na kengele ambayo ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Ni masalia ya ile reli ya kutoka Mtwara waliyoijenga Waingereza wakati wa mradi wa karanga. Mradi ulianza 1947, ukafa 1951, na reli yenyewe ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karanga zao zilikataa, lakini chuma chao ukikipiga saa moja asubuhi kinasikika mpaka ng'ambo ya soko.

Nawaeleza haya ili mjue aina ya kanisa linaloandika tathmini hii. Hatuna mfadhili. Hela yetu inatoka kwa walimu, wauguzi, mafundi cherehani, na wakulima wa korosho na ufuta, na inakuja kwa msimu kama mvua.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nalikiri hapa kwa sababu baraza la wazee limeshachoka kunikumbusha. Mwaka 2021 tuliamua kutengeneza mabenchi. Mtu aliyezaliwa Njombe amezaliwa ndani ya paini. Tumejengea paini, tumepikia paini, tumesomea kwenye madawati ya paini. Kwa hiyo nilimpigia ndugu yangu simu, akapakia mbao kwenye lori lililokuwa linakuja huku na viazi, likapita Songea, Tunduru, Masasi, likashusha mbao mbele ya kanisa nami nikajiona Sulemani anayepokea mierezi ya Lebanoni.

Nikazipeleka kwa fundi. Karakana yake iko nyuma ya soko. Sitamtaja jina, mwenyewe amekataa. Anasema simu ikianza kulia hovyo hawezi kupiga randa. Ukifika stendi mwambie kijana yeyote wa bodaboda akupeleke kwa fundi wa majeneza, utafika. Ni mzee wa Kimwera, Mwislamu, amenizidi umri kwa miaka kama ishirini, kwa hiyo kila tukionana naanza na shikamoo, naye anajibu "marahaba mchungaji" huku macho yako kwenye ubao.

Siku ile aliokota ubao mmoja, akaunusa, akaurudisha.

"Mchungaji, mbao za kwenu tamu."

"Tamu vipi, mzee wangu?"

"Mimi ningekuwa mchwa, leo nisingelala."

Nikacheka. Nikamwambia kwetu nyumba za paini zina miaka na miaka. Akasema kwetu kuna baridi, mchwa wa kwetu wamejikunyata. Hakubishana zaidi. Alitengeneza alichoagizwa, kwa muda alioahidi (mara ya kwanza na ya mwisho), na akakataa kuchukua hela ya dawa ya mchwa kwa sababu, alisema, kuipaka kwenye mbao zile ni kuwawekea kachumbari.

Tulikaa miaka mitatu. Agosti 2024, kwaya ikiwa imesimama kwa wimbo wa pili, wakakaa, na benchi la sauti ya pili likakaa nao mpaka chini. Hakuna aliyeumia. Mguu wa benchi ulikuwa umebaki ganda tu, ndani umejaa udongo, kama mhindi ulioliwa na dumuzi. Tukayapindua mengine: yote yalikuwa hivyo. Yaliyobaki ya Njombe tuliyapikia pilau ya sikukuu ya mavuno.

Basi likaja swali la nini kifuate. Vijana walitaka viti vya plastiki, na hoja zao hazikuwa za kitoto. Kiti kimoja shilingi 16,000. Sitini ni 960,000. Unavipanga vinasimama kona moja, unavikodisha kwenye harusi na kitchen pati, unavibeba msibani, na mchwa hali plastiki. Benchi la mninga la futi nane lenye mgongo, kwa bei ya fundi wetu, ni 210,000. Kumi na mawili ni 2,520,000. Mtunza hazina aliziandika namba hizo mbili kwenye ubao wa Shule ya Jumapili, akazipigia mstari, akakaa. Hakusema kitu na hakuwa na haja.

Akina mama ndio waliopindua meza. Mmoja alisema mtoto hulala kwenye benchi, kwenye kiti cha plastiki anateleza. Mwingine akasema viti vya kukodishwa vitarudi vina harufu ya bia na miguu mitatu. Na mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa korosho ambaye nitamrudia, akasimama akasema yeye anatoa benchi zima peke yake mnada ukilipa, na anaomba liwe la tatu kutoka mbele, upande wa dirisha, "kwa sababu ndipo upepo ulipo". Msimu ule bei ilikuwa nzuri, baadhi ya minada ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na watu walikuwa na ujasiri wa kuahidi. Novemba tukampa fundi nusu ya hela. Akasema: kabla ya Krismasi.

Kabla ya kumlipa nilizunguka kidogo, ili msije mkadhani nampigia debe mtu wa jirani. Nilikwenda Masasi kutazama mabenchi ya wenzetu, na Ndanda kwa Wabenediktini, ambao wapo pale tangu 1906 na kazi yao ya useremala haina ubishi. Nilikalia benchi lao nikajua papo hapo kwamba si la mfuko wetu, hata bei sikuuliza. Kuna pia karakana moja katika mji mwingine iliyoniahidi mabenchi ya mninga kwa 130,000. Nilipotaka kuona mbao nilionyeshwa picha kwenye simu. Nikaaga.

Halafu kuna la yule kijana wa usiku. Alikuja nyumbani saa mbili, akaniambia anazo mbao za mninga, nusu ya bei, ziko tayari porini, nitume tu usafiri. Nitasema ukweli: nilipiga hesabu. Nilipiga hesabu mara mbili, na asubuhi nikaenda kwa fundi kumuuliza kama atakubali kufanyia kazi mbao tutakazozileta wenyewe. Aliniuliza swali moja.

"Zina nyundo?"

Mbao halali zinagongwa nyundo ya misitu, zina risiti ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na hati ya kusafirishia. Hizi hazikuwa na kitu. Akasema yeye hapitishi randa kwenye mbao zisizo na nyundo, hata za msikiti alizikataa. Akarudi kwenye kazi yake. Nilitembea kutoka pale mpaka kanisani nikiwa nimevaa kola yangu nyeupe, na kila aliyeniamkia nilihisi anaiangalia. Tungekaa mle tukiimba kumsifu Muumba juu ya mti ulioibwa, na aliyetuepusha ni Mwislamu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Ukitaka agizo lako lisikuletee aibu au faini, muulize fundi wako swali hilo hilo.

Kuhusu kazi yenyewe. Miguu na mihimili ameiunga kwa ulimi na tundu, gundi, na vigingi vya mti vilivyopigwa kwa ndani. Misumari utaitafuta sana. Mbao za kukalia ni mbili, zimeachiwa upenyo mdogo katikati, na nilidhani ni uzembe mpaka akanieleza kwamba mbao hupumua kati ya masika na kiangazi, ukizibana zitapasuka. Kingo za mbele amezizungusha kwa msasa ili zisikate mapaja. Mninga wake umekauka: ukiugonga kwa kidole unajibu. Aliwahi kunionyesha gogo bichi likikatwa, utomvu wake ni mwekundu kabisa, unatiririka kama damu. Mchungaji yeyote atajua ni mahubiri mangapi yamo mle. Nilijizuia, mpaka sasa nimelitumia mara moja tu.

Ila kipimo cha mgongo ndicho ningependa wachungaji wenzangu wakisikie. Aliniweka kwenye stuli, akaniambia nikae kama ninavyokaa nikimsikiliza mtu. Akanizunguka. Kisha:

"Mahubiri yako huwa dakika ngapi?"

"Arobaini," nikasema.

Mama mchungaji alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha sokoni. "Baba, huyo ni mtu wa vipimo. Mpe kipimo cha kweli."

"Saa moja," nikasema. "Na robo."

Fundi akatoa penseli sikioni, akaandika kwenye kipande cha ubao. Akasema kwa saa moja na robo mgongo ukisimama wima kama wa mahakamani, watu watakuchukia wewe, benchi watalisamehe. Ukilazwa sana, watalala. Akaamua mgongo ulale vidole vitatu. Nikamwambia tuweke vinne, tuna wazee. Akasema vinne ni vya mtu anayeota jua barazani. Ikawa vitatu, na sasa nakiri ni kipimo sahihi. Anayesinzia kwangu siku hizi anasinzia kwa sababu zangu, si za benchi. Zamani nilipenda kuwaonya wasinziaji kwa kisa cha Eutiko, yule kijana wa Troa aliyelala dirishani Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Tangu siku ile karakanani, nikikisoma kisa hicho nafikiria zaidi upande wa Paulo.

Sasa kuchelewa. Krismasi ilipita tumekaa kwenye mikeka na mawe. Mwaka mpya ukapita. Kila nikienda nakuta mabenchi mawili yamesimama na fundi anatengeneza jeneza. Ndiyo kazi yake inayompa mkate: masanduku ya Wakristo, na mara chache lile la msikitini ambalo hubeba maiti na kurudi. Jeneza halisubiri, benchi linasubiri. Sikuwa na jibu la hoja hiyo, maana mara mbili nilikuwa mimi mwenyewe niliyempigia simu usiku kumwambia tumefiwa.

Mara ya pili alikuwa yule mzee wa korosho. Alianguka shambani mwezi wa pili, mvua zimeshika, na hakurudi na fahamu. Nilipofika karakanani usiku ule fundi alinipeleka nyuma kwa tochi. Mbao zote zilizoletwa wiki ile zilikuwa mbichi, zinatoa maji. Zilizokauka zilikuwa za kwetu tu, za benchi moja, zimeshapigwa randa.

"Hizi ni za lile la dirishani," akasema. Alikuwa analikumbuka, kwa sababu mzee alimfuata mara mbili kumkumbusha habari ya upepo.

Akaniuliza nasemaje. Nilitaka kumwambia nisubiri niulize baraza. Nikaona upuuzi wa neno lenyewe. Nikasema zitumie.

Kwa hiyo mabenchi ya mninga ni kumi na moja, ingawa kichwa cha habari hapo juu kinasema kumi na mawili, na mtunza hazina bado anaandika kumi na mawili. La kumi na mbili fundi alilitengeneza baadaye kwa mkongo aliokuwa nao, jekundu kidogo kuliko mengine, zito zaidi, na hakudai tofauti. Liko la tatu kutoka mbele, dirishani. Mjane anakalia hapo, na wajukuu wanagombania kona.

Mabenchi yalifika wiki baada ya Pasaka ya 2025, kwa toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, safari tatu. Ramadhani nayo ilikuwa imechukua sehemu yake. Mwaka ule Kwaresima yetu ilianza siku chache tu baada ya mfungo wao kuanza, kwa hiyo Machi yote nilikuwa naenda kumdai mtu aliyefunga nikiwa nimefunga, na hakuna mdaiwa mgumu kama huyo: sauti hupandi, maji huombi, mnakaa kwenye kigogo mkitazama randa.

Lakini kuchelewa huko kulitufanyia jambo ambalo nisingelipanga. Kwa Jumapili sita za Kwaresima tulikodi viti vya plastiki, sitini, shilingi 500 kila kimoja, na hivyo wale waliotaka viti walipata kuvijaribu, na mimi nikapata kutazama. Kiti kina mpaka. Mtu akishakaa, kile ni chake. Pembeni anaweka mkoba, na juu ya mkoba Biblia, na hapo pameshakuwa nyumba. Mstari wa mbele ulibaki mtupu, wa nyuma ukajaa, na katikati kukawa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Jumapili ya nne alikuja mgeni, kijana wa kubeba mizigo ghalani, kachelewa, nguo zina vumbi. Alisimama mlangoni akatafuta kiti. Viti vilikuwepo, vinane au tisa, kila kimoja kina mkoba. Nilimwona kutoka mimbarani. Alisimama chini ya mwembe kwa kengele mpaka nusu ya mahubiri, nilipoangalia tena hayupo. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unamsema hasa mtu huyu, aliyeambiwa asimame kule. Sisi hatukumwambia lolote. Viti vilimwambia.

Kwenye benchi, anayechelewa haombi nafasi. Anasimama mwisho wa mstari, wa kwanza anasogea, wa pili anasogea, na mpaka inafika dirishani watu watano wameshakuwa sita. Kiswahili kimelitumia neno hilo hilo kwa kukaribia na kwa kupisha: sogea hapa, sogea kule. Kwenye benchi ni tendo moja, huwezi kumpisha huyu bila kumkaribia yule. Futi nane zinachukua watu wazima watano. Sita wakipendana, na Jumapili ya Matawi saba pamoja na watoto.

Tuna wanaume wawili wa mtaa mmoja ambao wamegombania mpaka wa mikorosho tangu kabla sijaja. Kwenye viti mmoja alikaa kulia, mwingine kushoto, na wake zao vivyo hivyo. Sasa wamejikuta benchi moja, la tano, kwa sababu mmoja alichelewa. Hawajapatana. Kesi ipo hadi leo. Ila nimeona wanasogezana, na kitabu cha nyimbo cha mmoja hakina jalada wala kurasa za mwanzo, inambidi achungulie cha mwenzake.

Simaanishi kwamba mabenchi yamewafaa wote. Muuguzi mmoja alinifuata baada ya ibada, akaniambia yeye alipenda viti. Anatoka zamu ya usiku akiwa na mambo aliyoyaona, anakuja kanisani kulia kidogo, na kwenye kiti alilia peke yake. "Kwenye benchi, mchungaji, bega likitikisika benchi zima linajua." Niliwaza sana juu yake. Tumenunua viti viwili vya plastiki, viko nyuma karibu na mlango, na tumekubaliana kwamba anayekaa pale hasemeshwi. Nilidhani vitabaki vitupu. Havibaki.

Kasoro nyingine, haraka haraka. Vanishi haikuwa imekauka sawasawa Jumapili ya kwanza na jua lilikuwa la Nachingwea. Tuliposimama kwa Imani ya Mitume kanisa zima lilisikika chwaa, na magauni meupe mawili ya kwaya hayajapona. Wekeni wiki mbili kivulini kabla ya kuyatumia. Uzito: yanataka watu wanne, kwa hiyo msibani hayaendi na harusini hayaleti hela, vijana walikuwa sahihi hapo na nimewaambia. Mama wa usafi analalamika kufagia chini yake, ana haki. Benchi moja linachezacheza, lakini fundi alikuja na pimamaji akathibitisha kuwa ni sakafu yetu. Hakuna kibao cha kuwekea Biblia. Tulisahau kuagiza, yeye hakuuliza. Ila aliuliza kama tuna mtu asiyeweza kuinuka vizuri, na benchi la bibi mmoja akalitia mkono wa kushikia, upande wa kulia, baada ya kwenda kwake kumtazama anainukaje. Hakuna aliyemtuma.

Nyota moja niliyoizuia ni ya tarehe. Najua sababu za kila wiki aliyochelewa, nyingine nimezizika mwenyewe, na bado watu walikaa chini Krismasi. Ukimpa kazi, mpe nusu, usimpe zaidi, na uende Jumatatu mpaka Alhamisi kabla ya saa nne. Ijumaa mchana hayupo, na kukiwa na msiba mjini usiende kabisa, atakuwa pale wewe pia uwe pale.

Sisi bado tunadaiwa 140,000. Yeye naye anadaiwa stuli ya mpiga kinanda, ambaye anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nikipita karakanani ananiambia kesho, mchungaji, nami namwambia Jumapili tukihesabu sadaka, mzee wangu, na hakuna kati yetu aliyeonyesha dalili ya kutaka kumaliza.